Mkalimani wa Watu Waliokuwa Wakielewana

Wasomaji wangu, Jumanne iliyopita nilikuwa nimekwama nyuma ya lori la saruji lililokuwa likipanda kwa kujikongoja kutoka Muganza, simu ikaita, na maman mmoja wa kanisani kwao akaniambia kwa kifupi: "Muzee ametuacha." Sikumuuliza mzee yupi. Sukari ilikuwa imeshamla mguu mmoja, na mara ya mwisho nilipomtembelea aliniomba nimsogezee dirisha la chumba karibu na kitanda, kisha akacheka mwenyewe alipoona ameomba lisilowezekana. Nikamsogeza yeye. Alitaka kuona ziwa. Nilidhani ni tamaa ya mgonjwa tu, mtu aliyechoka kutazama dari. Leo najua alikuwa anatazama upepo, na nimekaa kuandika safu hii nikiwa na hasira ambayo haikuanza juzi. Anayetaka kusoma tanzia tamu yenye maua asubiri ya mwandishi mwingine.

Sitamtaja jina, wala sitakitaja kisiwa ambacho ugomvi wake aliusuluhisha kwa miaka, maana pande zote mbili zinasoma gazeti hili na kila upande hutafuta humo neno la kuupelekea upande wa pili kesi. Marehemu alizaliwa Bukavu kwa wazazi waliotoka huku kwetu, akarudi akiwa mtu mzima mwenye watoto, na maisha yake yote ya kazi aliyapitisha akijaza karatasi za forodha za wafanyabiashara, kwanza pale Ruhwa, baadaye kwenye daraja letu la Rusizi. Kule alikozaliwa walimwita Mnyarwanda. Hapa aliporudi wakamwita Mkongomani. Wengine wangelia kwa jambo hilo. Yeye alilifanya mtaji. Alisema mtu asiye wa upande wowote ndiye pekee anayeweza kukaa katikati bila kuulizwa kwa nini amekaa hapo. Ndiyo maana wenye ugomvi wa kisiwa walipotafuta mtu wa katikati, walimtafuta yeye.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, upande wa pili wa maji, na kina vijiji viwili. Nitaviita Mbele na Nyuma. Mbele inatazama huku kwetu na ina mwalo, pwani tulivu ambapo mtumbwi hutua hata ziwa likiwa limechafuka. Nyuma ina mawe matupu. Upepo ukivuma, hakuna mtumbwi unaotoka wala kuingia. Ila Nyuma ina chemchemi ya maji safi, na Mbele haina. Wao huteka maji ya ziwa, na matumbo ya watoto wao yanajua. Katikati ya kisiwa babu zao walipanda ua wa miyenzi, ile mimea ya utomvu mweupe tunayopanda kuzunguka viwanja. Kutoka kijiji cha Nyuma hadi mwaloni ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Basi Mbele wakafunga njia ya mwalo, Nyuma wakafunga njia ya chemchemi, na kila upande ukadai kisiwa kizima ni chake. Chanzo cha ugomvi nimesimuliwa mara tatu: ng'ombe, bibi harusi, na mzee aliyezama. Wote watatu walionisimulia waliapa. Na dada pekee wa marehemu, mdogo wake wa kumfuata, ameolewa Nyuma. Mbele walilijua hilo tangu siku ya kwanza na wakamkubali hivyo hivyo, kwa sababu hawakuwahi kumkamata akibeba neno kwa upendeleo. Alimwahidi dada yake jambo moja tu: kwamba siku moja atapita mwaloni kwa miguu yake na kuja kumwona kaka yake wakati wowote autakao, upepo uwepo usiwepo.

Mazungumzo yalifanyika hapa Kamembe, katika ukumbi wa parokia, kwa kuwa hapa ni kwa watu wengine na hakuna wa kudai meza. Yalianza zaidi ya miaka kumi iliyopita. Walikuja wachungaji, akaja balozi mstaafu, wakaja vijana wa shirika fulani wenye ramani ya rangi mbili. Na kazi ya marehemu ilikuwa kutafsiri. Hapa msomaji wangu ataniuliza: kutafsiri nini, ikiwa wote ni watu wa kisiwa kimoja wenye lugha moja ya mama? Ndiyo, wote ni Wahavu. Wanaelewana hadi kikohozi. Lakini kila upande uliapa kutosema na mwenzake moja kwa moja, kwa hiyo mjumbe wa Mbele alisema kwa Kihavu, na marehemu akayageuza kwa Kiswahili, na hapo ndipo wajumbe wa Nyuma walipokasirika rasmi. Walikuwa wameshaguna na kutikisa vichwa kabla hajafungua mdomo, lakini hasira ile haikuhesabiwa. Siku moja mjumbe wa Mbele alitoa tusi zito, la wizi, na marehemu, kwa kutaka kuokoa kikao, akalitafsiri kwamba ndugu zetu wa Mbele wana wasiwasi kidogo juu ya usalama wa mali. Mzee wa Nyuma akaruka kutoka kwenye kiti. "Hapana! Hakusema vile! Alisema siye tuko bezi!" Ukumbi mzima ukamgeukia. Mzee akatambua alichofanya, akakaa polepole, akarekebisha koti, akamtazama marehemu kwa heshima zote na kusema: "Papa, tafsiri tena."

Nilicheka siku ile mpaka nikatoka nje. Marehemu akanifuata kwenye baraza akijifuta jasho. Nikamuuliza anawezaje kuvumilia kazi ya kupoteza muda namna ile. "Miye niko kama filtri ya moteri," akanijibu. "Mafuta inaingia mafuta, inatoka mafuta. Lakini ukiniondosha mule, utaona vile moteri itafanya." Alikuwa na subira ambayo mimi sikujaliwa. Mimi niliandika habari za vikao vile kwa miaka, na kila kikao kilimalizika kwa tamko lile lile, kwamba mazungumzo yamefanyika katika hali ya udugu na hatua kubwa imepigwa. Nami niliandika: hatua kubwa imepigwa. Juzi nimefungua kabati langu na kuzisoma karatasi zile mfululizo. Kwa hatua tulizozipiga kwenye gazeti hili, wale watu wangeshafika Bweyeye na kurudi kwa miguu.

Mara moja tu walikaribia. Balozi mstaafu alishauri kikao cha mwisho kifanyike kisiwani kwenyewe, juu ya ua wa miyenzi, na hema likasimamishwa nusu Mbele nusu Nyuma. Kila kitu kilipimwa. Viti vilikuwa sawa kwa idadi na kwa urefu. Maombi yalikuwa mawili. Hata pombe ya ndizi, ile kasiksi ya kufungia mapatano, ilipikwa na akina mama wa pande zote mbili kisha ikachanganywa katika chungu kimoja, ili asiwepo wa kusema pombe ni ya kwao. Mkataba ulikuwa mezani: mwalo ni wa wote, chemchemi ni ya wote, na baada ya kunywa pamoja wangetia sahihi. Balozi akainua mkono akasema karibuni tunywe. Hakuna aliyenyanyuka. Mgeni yule alifikiri wana aibu, akakaribisha tena. Hakujua jambo ambalo mtoto yeyote wa maziwa haya analijua: pombe ikiletwa, mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, ili waone haina sumu. Mgeni haonji kwanza hata kama anakufa kwa kiu. Sasa, juu ya ua ule, mwenye nyumba ni nani? Mwenyekiti wa Mbele akanyoosha mkono kuelekea kibuyu. Papo hapo mzee wa Nyuma akanyoosha wake. Mikono miwili ikabaki hewani juu ya chungu, na hakuna aliyetaka kuugusa wa mwenzake. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale hakuna aliyekubali kuwa mgeni, na jua lilikuwa likipanda.

Nilikuwa nimekaa karibu na marehemu. Nilimwona akiitazama ile mikono, kisha akatazama upande wa Nyuma ambako dada yake alikuwa amesimama na wanawake wengine. Lazima niwaambie kwamba mtu huyu hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe upya katika kanisa lake, na alikuwa na sauti ya besi ambayo kwaya yao nzima iliiegemea. Alinyanyuka, akachukua kibuyu, akachota, akanywa mbele ya watu wote, akakirudisha. "Miye siko wa hapa wala wa pale," akasema. "Nimeonja. Haina kitu mubaya. Kunyweni." Makofi yalipigwa, wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakanywa kwa kibuyu kimoja na sahihi zikatiwa. Niliona mwenyekiti wa Mbele na mzee wa Nyuma wakitaniana kwa Kihavu bila mkalimani. Nilirudi nyumbani nikaandika ukurasa mzima, na safari ile sikudanganya, kwa maana niliyoyaona niliyaona.

Jumapili iliyofuata mchungaji wake alimwita mbele ya kanisa, kwani habari njema husafiri pamoja na mbaya katika mtumbwi mmoja. "Ulikunywa ama haukunywa?" akaulizwa. "Nilionja, Pasteri. Juu ya amani." Mchungaji akafikiri, akasema kuonja ni kunywa kidogo, na kidogo pia ni kunywa. Akatengwa na Meza ya Bwana kwa miezi sita, akatolewa kwenye kwaya. Mkewe alinuna, si kwa ajili ya pombe bali kwa aibu ya kuketi peke yake katika benchi lao wakati mumewe yuko nyuma pamoja na waliotengwa kwa uzinzi. Marehemu mwenyewe hakulalamika. Aliniambia miezi sita si kitu, dada yake ameshapita mwaloni mara mbili.

Hakupita mara ya tatu. Wiki chache baadaye barua ilitoka Nyuma, imeandikwa vizuri, ina muhuri. Ilisema kwamba kwa kuwa aliyeonja pombe siku ile ni shemeji wa Nyuma, ndugu wa mke wa Nyuma, basi kwa mila aliyeonja ni Nyuma, na kwa hiyo Mbele, kwa kukubali kunywa baada yake, walikubali kuwa ni wageni katika kisiwa. Mbele walijibu siku ile ile. Waliifunga njia ya mwalo na kuweka mlinzi kwenye ua. Nyuma wakaifunga chemchemi. Balozi alirudi kwao, na nadhani hadi leo hajui ni nini kilimpiga. Nilikwenda kwa marehemu nikitegemea kumkuta amevunjika. Nilimkuta ameketi na kikombe cha chai, amekasirika, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo. "Batu bazima," akasema, "bana barua, bana muhuri. Na batoto banakunywa maji ya matope."

Siku hiyo aliniambia jambo ambalo ningependa kusema nililisahau, lakini sikulisahau. Alisema wote tumekosea tangu mwanzo kwa kuuliza kisiwa ni cha nani, kwa sababu swali hilo halina jibu ambalo watu wawili wataliridhia. Alitaka tuliache kabisa. Wa Nyuma wapite kwenda mwaloni, wa Mbele wapite kwenda chemchemi, na iandikwe wazi kwamba kupita si kumiliki. Kisha wazee waendelee kubishana ukumbini hata miaka mia. "Weye muandikaji, ukiandika vile watakusikiliza. Miye bataniambia niko shemeji," akasema. "Andika kitu moja tu: bape batu njia. Mambo ya mwenye udongo, tutabishana mupaka Yesu arudie." Nami, mwandishi wenu, nilimjibu nini? "Muzee, tubaache kwanza batulie. Nikiandika sasa, banasema gazeti inaharibu mazungumzo." Alisema sawa, akanimiminia chai. Hakuniomba tena. Vikao vilianza upya mwaka uliofuata, naye akarudi kwenye kiti chake cha katikati, na mimi nikarudi kwenye hatua zangu kubwa.

Nimefikiri sana wiki hii juu ya tabia hii yetu ya kulinda mazungumzo kuliko tunavyowalinda wanaozungumziwa. Haiko kisiwani tu. Ndugu wawili wanagombea shamba la baba yao, na mpaka kesi iishe hakuna anayeruhusiwa kuvuna, ndizi zinaoza juu ya migomba, na kila jirani anaona ni busara. Makanisa mawili yanagombea kiwanja, na watoto wa shule wanazunguka kilima kwa sababu njia ya mkato inapita kwenye kesi. Tumezoea kuiona subira ya namna hii kuwa ni utu uzima. Tunasema jambo liko kwenye utaratibu. Mtu akiuliza utaratibu huo unamlisha nani, anaambiwa ana haraka. Nimewaona wajumbe walioingia ukumbi ule wa parokia wakiwa na nywele nyeusi, sasa wana mvi, na baadhi yao, Mungu anisamehe, walikuwa wamezipenda zile safari za Kamembe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala njaa kwa sababu kikao kimeahirishwa. Gharama ililipwa na waliobaki kisiwani, hao ambao hawakuwa na kiti mezani.

Tulimzika Alhamisi. Msiba ulijaa. Wajumbe wa Mbele walifika asubuhi na mapema, mashati meupe, suti nyeusi, mwenyekiti wao mbele yao, naye alikuwa amevimba macho kwa kilio cha kweli, sitamsingizia unafiki. Saa nne simu ya mjane ikaita. Alikuwa dada wa marehemu. Upepo ulikuwa umeamka tangu alfajiri, mitumbwi ya Nyuma haiwezi kutoka kwenye mawe, naye alikuwa amesimama kwenye ua wa miyenzi na furushi lake. Mlinzi alikuwa amemwambia hana ubaya naye, ila aombe ruhusa kwa mwenyekiti. Na mwenyekiti alikuwa ameketi hatua kumi kutoka kwangu, chini ya turubai letu. Nilikwenda nikainama mbele yake, nikamwambia: "Papa Prezida, dada ya marehemu iko kwa ua. Piga simu moja tu apite." Alinishika mkono. Alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba: "Muandikaji, usinifanyie vile. Leo niko kwa kilio, siko kwa politiki. Nikifungua leo, kwa mukutano ya mwezi ujao bale batasema tulishakubali." Nikamwambia ni kwa siku moja. Akasema barua ile nayo ilitokana na siku moja. Nikarudi kwenye kiti changu, na linaloniuma ni kwamba alikuwa na hoja.

Tulisubiri hadi saa nane. Mchungaji alisema mwili hauwezi kungoja zaidi. Kwaya iliimba, na kila mtu akasikia mahali palipokosa besi. Mwenyekiti wa Mbele alipewa nafasi ya kusema, akasema tumempoteza mtu wa amani, akashindwa kumaliza, akakalishwa. Kisha tukatupa udongo, kila mmoja konzi yake, na vijana wakafukia. Ilipofika saa kumi, upepo ukiwa umeshatulia, dada yake alipanda kilima peke yake, kitenge kimelowa mpaka kiunoni, furushi kichwani. Aliona maua juu ya tuta akasimama. "Bamesha kumufunika?" aliuliza. Alitua furushi, akapiga magoti, akachota konzi ya udongo kutoka pembeni mwa njia, akatafuta mahali pa kuitupa. Hapakuwa na shimo. Akabaki nayo mkononi, akitugeukia mmoja mmoja kama mtu anayeuliza utaratibu.

Mwenyekiti alimwendea akampa pole kwa Kihavu, naye akaipokea kwa Kihavu, kwa adabu, kama mtu anavyompokea jirani. Jioni niliwasindikiza wote hadi majini. Walirudi kisiwa kimoja kwa mitumbwi miwili. Mtumbwi wa kwanza ulielekea mwaloni. Wa pili, alimopanda mama yule, ulizunguka kwenda kwenye mawe, na nilisimama pale mpaka sikuuona tena.

Nimejifunza kwa kuchelewa, na ninawaandikia ninyi ambao pengine hamjachelewa. Kama una kesi na jirani yako, endelea nayo, peleka mashahidi, tafuta wakili, ishinde ukiweza. Lakini njia ya miguu ifungue leo, kabla ya hukumu, kabla ya sahihi. Udongo utamngoja mwenyewe hata miaka mia, wala hautaoza. Kaburi la ndugu yako halitangoja hata jioni.